Ngozi ya Ng'ombe wa Serikali

Vijana wanaokuja studio kwetu kufanya mazoezi ya kazi wana swali lao moja, na huliuliza wakati wa chai, wakishaona sina haraka. "Mama, hivi digrii ya utangazaji inalipa?" Wengine wameshapiga hesabu kwenye simu: mkopo wa chuo huku, mshahara wa kuanzia kule, makato, kodi ya chumba. Wananisogezea simu nione. Mimi huwajibu kwamba inategemea. Ni jibu la mvivu, najua, lakini jibu lenyewe ni refu, linapitia kijijini Haneti kwenye zizi la baba yangu, na chai huwa imeshapoa kabla sijafika hata nusu.

Leo acha nilimalize.

Redio niliianza bila digrii. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha sita na mdomo, basi. Ilikuwa ile miaka mashirika ya umma yanauzwa, maduka yamejaa vitu vya Dubai, na kila mwenye vijisenti na mnara anafungua redio yake. Yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari, karibu na soko la Majengo. Mwenye duka ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa redio. Ukitaka kuzungumza naye habari za kipindi unateremka ngazi, unasubiri amalize kumpimia mtu nondo. Kutani tulipigilia trei za mayai ili sauti isitoe mwangwi, na madirisha yalifungwa mwaka mzima kwa sababu ya upepo wa Dodoma, ule unaozoa vumbi la wilaya nzima na kulimwaga kwenye deki ya kaseti. Humo ndani joto, jamani! Nilikuwa natangaza miguu iko kwenye beseni la maji.

Kazi yangu ilikuwa salamu. Wakati huo watu walinunua kadi za salamu madukani, wakaandika majina ya wanaowasalimu, kisha wakatuletea wenyewe au wakawapa makondakta wa mabasi ya vijijini. Mimi nilizisoma mchana kutwa. Nilikuwa nafungua kipindi kwa "mbukwenyi", salamu ya kwetu, badala ya habari za mchana, na nasikia huko Chamwino na kwingineko watu waliacha majembe wakacheka. Nilipendwa, sitaki kusema uongo. Nikienda sokoni kununua nyanya, muuzaji akisikia sauti tu anaongeza mbili.

Nyumbani Haneti mawimbi yetu yalifika kwa kuchechemea. Baba aligundua kwamba juu ya paa ndipo yanaposhika vizuri. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa lake la udongo, bapa, la kuanikia uwele. Basi kila mchana baba anapanda na redio yake ya mkulima na kigoda, anakaa juu kama mlinzi wa ndege shambani, anamsikiliza binti yake akisalimia watu asiowajua. Mama anafoka chini: "Mzee, shuka! Mvua zikija tutalala kwenye tope!" Baba hashuki mpaka kipindi kiishe. Masika ile paa lilivuja kweli, na lilivujia upande wa mama.

Kilichonitoa kwenye raha hiyo ni hasira tu. Bunge lilikuwa linakutana, waandishi wa habari wameshuka kutoka Dar es Salaam na mashati yao ya mikono mirefu. Nikatumwa ukumbini kuchukua sauti ya mbunge wa kwetu. Bwana mmoja wa redio kubwa akanishikisha waya za kinasa sauti chake, akasema, "Dada, shika hapa, halafu niletee na soda." Alidhani mimi ni wa pale jikoni. Nikamwambia mimi ni mtangazaji. Akanitazama, akauliza, "Umesomea wapi?" Nikakosa la kujibu! Mimi, ambaye maneno ndiyo ugali wangu! Nilirudi studio nalia kwa ghadhabu, na tangu siku hiyo sikutaka tena kusoma salamu. Nilitaka kutafuta habari, kuiandika, na kuisoma mwenyewe, na anayeniuliza nimesomea wapi nimjibu papo hapo.

Nikaomba chuo, chuo kikuu cha mbali, basi la kutwa nzima. Wakanikubali. Ada ilikuwa ya kutisha, lakini serikali ilikuwa imeanza kukopesha wanafunzi, na nilikuwa na sifa za kupata huo mkopo.

Nilikuwa naishi Mkonze kwa shangazi yangu, dada yake baba, mjane aliyekuwa na kishamba cha zabibu na biashara ya karanga. Huyu mama alijua hesabu kuliko mkurugenzi wangu. Jioni niliyomwambia alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Hakupandisha sauti. Akasema, "Kaa hapa, mama. Tuhesabu."

Akatenga karanga fungu moja kubwa. "Hili deni." Akatenga la pili. "Hii ndiyo posho yako ya sasa." Kisha akauliza, "Yule mwenzenu mwenye digrii, anayesoma habari za saa mbili, analipwaje?" Nilikuwa najua, maana yule dada alikuwa rafiki yangu na alikuwa analalamika kila mwisho wa mwezi. Nikamwambia. Shangazi akachukua karanga kidogo sana, akaziongeza kwenye fungu la posho yangu. Nyongeza yenyewe ilikuwa ya sabuni na kiberiti. Akaanza kutoa karanga kutoka fungu la mshahara kwenda fungu la deni, mwezi baada ya mwezi, anahesabu kwa mdomo, mpaka mikono ikachoka na fungu la deni bado lina tumbo. Karanga zilizobaki upande wa mshahara akazitia mdomoni zote mara moja, akatafuna.

"Umeona? Miaka unasoma, hulipwi. Ukirudi, unalipa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa una kazi, unajulikana, mpaka nyanya unaongezewa. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Unakwenda kutafuta nini?"

Nikasema, "Nataka, shangazi."

"Kutaka nako kunalipwa?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyoniudhi. Nilisusa hata kula karanga.

Mkopo ulihitaji mdhamini, na mdhamini wangu angekuwa baba. Nikapanda basi kwenda Haneti nikijua kwamba yeye akikataa, habari imeishia hapo. Nilimkuta zizini. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote, mpaka karanga za shangazi. Alisikiliza amemshika ndama sikio. Halafu akauliza, "Serikali inakupa, unatumia, halafu unarudisha?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nasimama katikati, shahidi?"

"Ndiyo."

Uso ukamfunguka. "Kumbe ni ng'ombe wa kuwekesha! Si ungesema!"

Hapa lazima nieleze. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Huwawekesha kwa marafiki wa vijiji vingine, ili maradhi au ukame ukipiga huku, kule wapone. Anayelea hunywa maziwa na hutumia samadi, lakini ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mleaji humchuna na kupeleka ngozi kwa mwenye mali. Wanaikunjua, wanaangalia alama, wanakubaliana ndiye, na habari inaishia hapo, hakuna kudaiana. Ukimlea vizuri mpaka ukamrudisha mzima, mwenye mali hukukatia ndama mmoja kwa asante. Na katikati yao husimama shahidi, ambaye upande wowote ukikosea, aibu inamwangukia yeye. Hakuna karatasi. Watu wameishi hivyo tangu mababu.

Baba akatia sahihi yake kwenye fomu ya mkopo kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akauliza, "Na akifa?" Mimi nilikuwa na furaha, sisikii wala sioni. Nikamjibu, "Hafi, baba!" Akatikisa kichwa, akarudi kwa ndama wake.

Nikaenda nikasoma. Chuo sitakieleza sana, kila mtu hukisifia chake. Nilijifunza kuandika habari fupi, kukata mkanda, na kunyamaza ninapohoji mtu, ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikula maharage ya kila namna. Nilihitimu, baba na mama wakaja na basi la usiku kucha, baba amevaa koti la kanisani. Cheti alikichukua yeye. Akakitia kwenye fremu ya kioo, akakitundika sebuleni Haneti, juu ya pale anapokaa. Nilipomwambia waajiri watataka kukiona akasema, "Waje wakione."

Kazi nikapata, tena Dodoma hapohapo, redio kubwa zaidi. Nikasoma taarifa ya habari. Ile mara ya kwanza nilitetemeka mpaka karatasi ikasikika hewani. Baba alikuwa juu ya paa, mama safari hii amepanda naye. Ningetamani kusema tuliishi kwa raha, lakini biashara ya redio wakati ule ilikuwa ya leo upo kesho haupo. Redio zikawa nyingi, matangazo ya biashara machache, na hata miaka miwili haikutimia tukaitwa ofisini tukaambiwa wanapunguza watu. Nilipunguzwa mimi. Mwenzangu mmoja asiyekuwa na digrii, wa mshahara mdogo, alibaki. Weee! Nilicheka kicheko cha mwendawazimu barabarani.

Nikarudi Haneti kulima karanga. Shangazi alipokuja kutuona hakusema neno, na afadhali angesema. Haukupita muda, taarifa ya deni ikaletwa na mjumbe kutoka ofisi ya kata, imeandikwa jina langu na la baba, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Niliona haya. Nilichokiogopa ni ng'ombe wa baba. Wakija kumkamata mdhamini watachukua nini, kama si zizi lake?

Baba akasomewa ile taarifa. Akawaza kidogo, akasema kwa upole, "Basi mwenye mali apelekewe ngozi."

"Ngozi gani, baba?"

Akaonyesha kwa kidole pale ukutani. "Si umesema kazi imekufa? Ng'ombe wao amekufa. Tuwapelekee ngozi waione, tumalizane kwa heshima."

Mungu wangu. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikapandisha hasira. Nikamwambia serikali haina mambo hayo, deni la serikali halifi, hata wewe ukifa litabaki, wewe baba hujui kitu! Ndivyo nilivyo, hasira yangu ina mdomo. Mama akanikemea. Baba alikuwa anakitazama cheti kwa namna ambayo sasa hivi nikiikumbuka machozi yananitoka.

Asubuhi yake niliamka nikakuta msumari mtupu ukutani. Koti la kanisani halipo. Fremu ameifunga kwa kanga ya mama, amepanda basi la kwanza kwenda mjini.

Siku ile sikufanya lolote. Nilimwona akilini, mzee wa watu na fimbo yake, kwenye foleni ya wale vijana wa ofisi ya mikopo wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, anafungua kanga kaunta wakamcheka. Nilijilaumu, nikawalaani wao kabla hawajafanya chochote. Mama alisonga ugali wa uwele na mlenda, ukalala vilevile.

Basi la jioni likamshusha. Alikuwa anatembea haraka, fremu kwapani. Kabla hata sijamwamkia akasema, "Hajafa!"

"Nani, baba?"

"Ng'ombe! Wamekataa. Wamesema hajafa."

Akakaa, akaomba maji, akatueleza. Msichana wa kaunta alimsikiliza, hakuelewa, akamwita mwenzake, naye hakuelewa. Kweli walicheka kidogo. Mwishowe akatoka mkubwa wao, mtu mzima, ambaye baba alimtambua kwa namna alivyomwamkia na kumpa kiti kwamba amekulia kwenye ng'ombe. Baba akamweleza upya kuanzia mwanzo: binti alipewa, alilea, kazi ikafa, mimi shahidi nimeleta ngozi. Yule bwana akakifungua cheti kutoka kwenye kanga, akakisoma chote, akakigeuza na nyuma. Akasema, "Mzee wangu, umefanya heshima kubwa. Wengine wanatukimbia. Lakini huyu hajafa. Amekauka maziwa tu. Na ng'ombe aliyekauka hachunwi. Mwambie binti amtafutie malisho. Akipata, atalipa kidogo kidogo."

"Hiyo ofisi ndiyo yenye mali," baba akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa, haki ya nani. "Mwenye mali ameangalia ngozi kwa macho yake, amesema ng'ombe ni mzima. Wewe nani useme amekufa?"

Akakirudisha cheti kwenye msumari. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Kamua."

Kesho yake nilishuka mjini. Safari hii sikupanda ngazi za studio, nilianzia dukani chini, nikamkuta mkurugenzi wangu wa zamani anapima nondo. Nikamngoja amalize. Nikamwambia nataka kusoma habari na kuandika matangazo ya biashara ya maduka yote ya mjini, anilipe kwa ninachoingiza. Akasema, "Umesomea wapi?" Nikamjibu. Akacheka, akanipa funguo.

Sitasema utajiri ulikuja. Ulikuja mshahara, na makato kila mwezi, miaka na miaka. Nimejenga chumba baada ya chumba huko Mkonze, tofali za mwezi huu, bati za mwaka ujao, na kila mara kuna fungu lililoondoka kabla sijaligusa. Shangazi alikuwa sahihi kwenye hesabu mpaka mwisho, na mpaka anafariki alinikumbusha. Dawa ya deni ni kulipa, nami nililipa.

Mwezi mmoja mshahara ukaingia mzima. Nikauangalia nikadhani wamekosea. Jumamosi hiyohiyo nikaenda Haneti.

Baba alikuwa amezeeka, paa hapandi tena, na hakuna haja, mawimbi yetu sasa yanafika mpaka jikoni. Nilimkuta nje kwenye kigoda, redio magotini.

"Shikamoo, baba. Ng'ombe wa serikali nimemrudisha."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima."

Akafurahi kimyakimya kama kawaida yake. Halafu akanyoosha shingo, akatazama nyuma yangu, kule barabarani nilikotoka. "Na ndama?"

"Ndama gani?"

"Wa asante. Wamekukatia yupi?"

"Baba, serikali haikati ndama."

Sijawahi kumwona baba kakasirika vile. Aligonga fimbo chini. "Umelea miaka yote hiyo! Amekauka, hukumtupa! Umemrudisha mzima na adhabu juu, halafu wanakuacha uje kwangu mikono mitupu? Hawana wazee hao?" Akahema. "Mdhamini alikuwa nani?"

"Wewe, baba."

"Aibu ya nani, basi?"

Hakungoja jibu. Akaenda zizini polepole, akachagua mtamba mwekundu mwenye baka jeupe pajani, mzuri kuliko wote aliokuwa nao, akamfunga kamba, akaja akanitia kamba mkononi. Kwetu binti huleta ng'ombe nyumbani siku anapoolewa, hatoki nao. Kaka zangu walikuwa wanaangalia.

Nikasema, "Baba, mjini nitamlaza wapi?" Nilikuwa nalia, viatu vyangu vya ofisini vimezama kwenye samadi.

Akafikiri. "Mwekeshe kwangu," akasema. "Nitakunywa maziwa. Akifa nitakuletea ngozi."

Alimlea misimu kadhaa. Kila nikienda ananionyesha: huyu amezaa, huyu anakaribia. Ng'ombe hakufa. Aliyetangulia ni baba. Niliposoma tangazo la msiba wake hewani sauti haikutetemeka, ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na lile ndilo tangazo ambalo sikutaka mtu mwingine alisome.

Yule mwekundu sasa ana wajukuu. Baba alilea vizuri, na mleaji wa namna ile hukatiwa ndama. Wa kwake nimeshamchagua, ana baka lilelile pajani. Yupo zizini mpaka leo, na sijui nimpelekee wapi.